Nimemaliza shule, nataka kuwa mbunifu wa grafiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefanya kazi ya ubunifu wa grafiki kwa miaka mingi, kwanza nikiwa nimeajiriwa, baadaye nikijitegemea. Karibu kila wiki kijana aliyetoka shule huniuliza aanzie wapi, na maswali hufanana. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia.

Mbunifu wa grafiki hufanya nini hasa?

Hupanga maneno, picha, rangi na nafasi tupu ili mtu aelewe jambo upesi na bila kukosea. Kibandiko cha chupa ya dawa, nembo ya kampuni, jalada la kitabu, bango la barabarani, alama inayoelekeza abiria mlango wa kutokea, kitufe unachobonyeza kwenye simu: vyote vimepita mikononi mwa mtu wa kazi hii.

Mfikirie mzazi anayesoma kibandiko cha dawa saa nane za usiku, macho mazito, mtoto analia. Je, kipimo cha dawa anakiona mara moja, au anakitafuta kati ya mapambo? Huyo ndiye bosi wako wa kweli, hata kama anayelipa ni mwingine. Wengi huingia katika kazi hii wakidhani ni kupendezesha vitu. Uzuri una nafasi yake, tena kubwa, lakini kitu kizuri kisichosomeka ni kazi iliyoharibika.

Sijui kuchora. Nitaweza?

Utaweza. Kuchora sura ya mtu ifanane naye ni kipaji cha mchoraji, nawe waweza kufanya kazi naye. Unachohitaji ni kuweza kuweka wazo kwenye karatasi kwa visanduku, mistari na duara.

Susan Kare ndiye aliyebuni aikoni, yaani vijipicha vya kubonyeza kwenye kioo, za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984. Alianza na daftari la miraba, akijaza mraba mmoja mmoja. Aikoni moja ilikuwa na miraba 32 kwa 32, yaani nukta 1,024 tu, na kila nukta ama nyeusi ama nyeupe. Ndani ya kijisehemu hicho ilibidi mtu atambue pipa la taka au karatasi. Chukua daftari la hesabu ujaribu kuchora birika kwa miraba 32 kwa 32, ndipo utajua kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa.

Ni lazima niende chuo?

Hapana, lakini usikidharau chuo. Programu za kompyuta unaweza kujifunzia nyumbani. Chuo hukupa mambo matatu ambayo ni magumu kuyapata peke yako: mtu anayekuambia ukweli kuhusu kazi yako kila wiki, tarehe ya kukabidhi isiyosogezwa, na wenzako ambao miaka mitano baadaye watakuitia kazi.

Ukishindwa kwenda chuo, yatengeneze hayo kwa mikono yako. Tafuta wenzako wawili au watatu wanaojifunza, mpeane kazi moja kila wiki na mkosoane siku maalumu. Ukosoaji uwe wa maneno kamili. "Iko poa" haimsaidii mtu. "Nimeangalia sekunde tatu na sijaona tarehe" inamsaidia.

Kabla ya kulipa ada popote, omba kuona kazi za waliomaliza pale. Zikifanana zote, ujue wanafundishwa vitufe tu.

Nianze kujifunza nini kwanza?

Maandishi. Kila anayeanza hukimbilia rangi na madoido, lakini sehemu kubwa ya kazi utakayolipwa ni kupanga maneno.

Anza na zoezi hili. Andika tangazo fupi: mashindano ya mpira, Jumamosi, saa tisa alasiri, uwanja wa shule, kiingilio bure. Lipange kwenye ukurasa wa A4 kwa fonti moja (mtindo mmoja wa herufi), ukubwa mmoja, wino mweusi, bila picha. Unaruhusiwa kubadilisha nafasi tu. Kisha rudia, safari hii ukiruhusiwa ukubwa wa aina mbili. Kisha ongeza unene. Fanya mara kumi. Utagundua kwamba vitu vinavyohusiana vikikaribiana, msomaji huviunganisha mwenyewe; siku na saa zikiachana, humlazimu kutafuta. Utagundua pia kwamba ukikuza kila kitu, hakuna kilichokua.

Halafu shuka hadi kwenye herufi. Andika neno WAVUVI kwa herufi kubwa, ulikuze lijaze kioo chote. Tazama kati ya W na A, kisha A na V. Kompyuta ikizipanga herufi kama visanduku vilivyoshikana, mistari yake ya mshazari huacha mwanya unaoonekana mpana kuliko mingine, ingawa rula itasema vyote viko sawa. Tazama tena V na I za mwisho: chini yake pana shimo. Kazi yako ni kusogeza herufi mbili mbili mpaka jicho, wala si rula, likiri kwamba nafasi zimelingana. Ujanja wa zamani ni kuligeuza neno juu chini: ukiacha kulisoma, unaanza kuona mianya. Fonti nzuri huja na marekebisho haya tayari, lakini kwenye nembo au kichwa kikubwa utayafanya kwa mkono, na hapo ndipo mtu mzoefu humtambua mzoefu mwenzake.

Kwa maandishi marefu, mstari wa herufi 45 hadi 75 husomeka vizuri. Herufi za pointi 10 (pointi ni kipimo cha herufi) zipe pointi 13 au 14 kutoka msingi wa mstari mmoja hadi msingi wa unaofuata.

Lugha yetu nayo ina mahitaji yake, na sioni yakizungumzwa vya kutosha. Maneno ya Kiswahili huwa marefu: *tutakapowasiliana* ni neno moja. Ukilibana kwenye safu nyembamba na kunyoosha kingo zote mbili, utapata mashimo meupe katikati ya mistari. Acha ukingo wa kulia huru, au panua safu. Na kama programu inakata maneno mwisho wa mstari, angalia imewekwa lugha gani. Ikiwa ni Kiingereza itakata mahali pasipo na silabi, ilhali silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu na kukata kwake ni rahisi: *tutaka-powasiliana*. Nimeona vijitabu vizuri vikiharibiwa na jambo hili dogo.

Rangi zitafuata. Kwa sasa shika moja tu: tofauti kati ya maandishi na kilicho nyuma yake. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, unataka uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hupendeza kwenye kioo chako kipya. Msomaji wako ana simu yenye mwanga mdogo, naye yuko juani.

Nitumie programu gani?

Jifunze moja ya kuchora kwa vekta (nitaieleza mbele kidogo) mpaka vidole vijue njia vyenyewe. Nyingine zitakuwa rahisi.

Katika ofisi nyingi utakuta programu za Adobe: Illustrator kwa nembo na michoro, iliyotoka 1987, Photoshop kwa picha, ya 1990, na InDesign kwa vitabu na majarida, ya 1999. Tangu 2013 Adobe ilihamia kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka, na kwa anayeanza hilo ni mzigo. Programu huria hazina ada: Inkscape kwa vekta, GIMP kwa picha, Scribus kwa kurasa za kuchapwa, Krita kwa kupaka rangi. Figma ni ya kubuni mwonekano wa tovuti na programu za simu, nayo huendeshwa kwenye kivinjari.

Usianze na programu za wizi. Mbali na sheria, faili hizo mara nyingi hubeba virusi, na kompyuta ya mbunifu ina kazi za watu.

Sina kompyuta, nina simu tu. Nisubiri?

Usisubiri. Karatasi na penseli zinatosha kwa miezi ya mwanzo ya kujifunza mpangilio, na matangazo ya mitandaoni yanaweza kufanywa kwa simu. Canva, programu yenye violezo vilivyo tayari, inaweza kukusaidia hapo, ila usiishie kubadilisha maneno kwenye violezo vya watu. Kazi ya nembo na ya kuchapa itakudai kompyuta. Ukifika kununua, iliyotumika yenye RAM ya GB 8 itakufikisha mbali kwa vekta. Kwa picha kubwa tafuta GB 16.

Vekta na pikseli vina tofauti gani?

Picha ya pikseli ni vigae vya rangi vilivyopangwa. Ukiikuza, unakuza vigae, kingo zinakuwa ngazi ngazi. Vekta ni maelezo ya umbo kwa hesabu: mstari utoke hapa, upinde hivi, ufike pale. Ukiikuza mara mia, hesabu hupigwa upya na ukingo unabaki mkali.

Kwa hiyo nembo huchorwa kwa vekta. Ile ile itakaa kwenye kalamu na kwenye ubavu wa lori. Picha za kamera ni pikseli, nazo zina kikomo: picha ya kujaza A4 kwa ubora wa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, inahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Mteja akikutumia picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, imeshapunguzwa njiani. Mwombe aitume kama hati.

Kazi yangu ni nzuri kwenye kioo, kwa nini ikichapwa inaharibika?

Swali hili nalijibu kwa uchungu.

Kazi yangu ya kwanza ya kuchapwa ilikuwa kadi za biashara 500, za milimita 85 kwa 55. Nilizipa rangi ya bahari nzito hadi ukingoni, nikaweka namba ya simu karibu kabisa na pembe kwa sababu palionekana maridadi. Nikapeleka faili lenye ukubwa uleule wa kadi. Kisu cha kukatia karatasi hakitui mahali palepale kila mara. Husogea kidogo, labda milimita moja. Kadi ziliporudi, nyingi zilikuwa na uzi mweupe upande mmoja, na upande wa pili tarakimu ya mwisho ya simu ilikuwa imeliwa. Kadi isiyo na namba kamili ya simu ni karatasi tupu. Nilizirudisha kuchapwa kwa fedha yangu, na malipo yote ya kazi ile yakaishia hapo. Mchapaji hakuwa na kosa. Alichapa nilichompa.

Tangu siku ile, rangi au picha inayogusa ukingo naipitisha milimita 3 nje kila upande, hivyo kadi ya 85 kwa 55 inaandaliwa 91 kwa 61. Maandishi nayaweka ndani, angalau milimita 4 kutoka mahali pa kukatwa. Mchapaji mwingine hutaka 5 badala ya 3, kwa hiyo mpigie kabla ya kuanza, usingoje umalize.

Jambo la pili ni rangi. Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino: samawati, majenta, manjano na nyeusi, ndiyo CMYK. Mwanga unafika mahali wino haufiki, hasa kijani kinachong'aa na buluu kali. Badilisha faili kuwa CMYK mapema, uone rangi ikitulia ukiwa bado na nafasi ya kuchagua nyingine. Maandishi madogo meusi yafanye kwa wino mweusi peke yake. Ukiyajenga kwa wino nne, zikipishana kidogo tu herufi hupata ukungu.

Kisha chapa nakala moja kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa halisi, uishike mkononi. Makosa ya tahajia hujificha kwenye kioo na kujitokeza kwenye karatasi. Sijui kwa nini, lakini ni hivyo kila mara.

Sijawahi kupata mteja. Nitaweka nini kwenye potifolio?

Potifolio ni mkusanyo wa kazi unazowaonyesha watu. Weka kazi ulizojipa mwenyewe, mradi useme wazi kwamba ni za kujifunza. Usibuni upya nembo ya kampuni kubwa ukaiweka kama vile walikuajiri. Anayeajiri atauliza, na aibu itakuwa yako.

Kazi 6 hadi 8 zinatosha. Chagua matatizo ya kweli yaliyo karibu nawe: ratiba ya mabasi isiyosomeka, fomu ya kujiunga na timu ya mpira inayowachanganya wazazi, jarida la chama cha wanafunzi. Kwa kila moja onyesha rasimu za penseli, ulichojaribu kikakataa, na ulichobaki nacho, kwa maelezo mafupi ya sababu. Ninapopitia maombi ya kazi huwa naangalia rasimu kwanza. Zinanionyesha mtu anavyofikiri, na hicho ndicho nitakachokuwa nikilipia.

Ondoa kazi dhaifu hata kama ilikugharimu wiki mbili. Mtazamaji hukupima kwa ile mbaya kuliko zote.

Niajiriwe au nijitegemee?

Ukipata nafasi, ajiriwa kwanza, hata mwaka mmoja au miwili, hata kama ni kwenye karakana ya uchapaji badala ya ofisi ya matangazo. Utaona faili zikirudi na makosa, utasikia wateja wakiongea, utajifunza kutoa kazi tatu kwa siku bila kutetereka. Anayejitegemea tangu siku ya kwanza hujifunza hayo yote kwa gharama ya wateja wake na ya mfuko wake.

Nitoze kiasi gani?

Anza na hesabu, acha kubahatisha. Andika unachohitaji kwa mwezi kuishi, ongeza gharama za kazi: umeme, intaneti, programu, akiba ya kompyuta itakapokufa. Gawanya kwa saa utakazolipwa kweli. Hapo ndipo wengi hukosea. Ukifanya kazi saa 160 kwa mwezi, si zote zinalipwa. Kutafuta wateja, kujibu ujumbe, kutengeneza bei na kusahihisha havina ankara. Mimi mwanzoni nilihesabu nusu, saa 80. Jibu utakalopata ni bei ya saa yako moja, na chini ya hapo unajikopesha mwenyewe.

Kwa mteja, lakini, taja bei ya kazi nzima. Ukitoza kwa saa, kadiri unavyozidi ujuzi unazidi kulipwa kidogo. Na uangalie kazi itatumikaje. Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi alipochora alama ya Nike mwaka 1971, akalipwa dola 35. Kampuni ilipokwisha kukua, mwaka 1983, ilimrudia na kumpa hisa na pete. Ni jambo jema, ila usipange maisha yako kwa kutegemea mteja atakumbuka.

Dai arubuni kabla ya kugusa kazi. Nusu ya bei ni kawaida. Andika makubaliano, hata ukurasa mmoja: utatoa nini, lini, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, malipo ya pili lini, faili za asili ni za nani. Vijana huona haya kuyasema haya kwa mtu wanayemfahamu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nifanye kazi za bure ili nijulikane?

Ukiamua mwenyewe, kwa jambo unalolipenda, ndiyo. Milton Glaser, aliyebuni alama ya moyo mwekundu ya kutangaza jimbo la New York katika miaka ya 1970, hakulipwa; aliitoa kama zawadi, naye alikuwa tayari na jina na kazi. Hiyo ni tofauti kabisa na mfanyabiashara anayekuambia "tutakutangaza". Ukitoa bure, toa ankara yenye bei kamili na punguzo la asilimia mia, ili thamani ijulikane.

Mteja anabadilisha mawazo kila siku. Nifanyeje?

Mara nyingi tatizo lilianza kabla hujafungua kompyuta. Hukumuuliza maswali. Nani atakisoma? Atakuwa wapi? Akimaliza kusoma afanye nini? Nani mwingine lazima akubali? Hilo la mwisho limeniokoa mara nyingi, kwani anayekutuma aghalabu ana mkubwa wake ambaye hujamwona.

Akisema "ipendezeshe kidogo", muulize kinachomsumbua. Pengine ana hofu jina lake halionekani.

Naruhusiwa kutumia fonti na picha ninazozikuta mtandaoni?

Kuonekana kwenye utafutaji si ruhusa. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi za dunia zimeusaini, hakimiliki huanza kazi inapoumbwa, bila kusajiliwa. Soma leseni. Fonti za Google Fonts, huduma iliyoanza 2010, ni za leseni huria na zinaruhusiwa katika kazi za biashara. Nyingi kwingineko zimeandikwa "matumizi binafsi tu", na nembo ya mteja si matumizi binafsi. Weka leseni ya kila fonti na picha kwenye folda ya kazi husika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Akili mnemba haitachukua kazi hii?

Imekwisha kuchukua sehemu, hasa picha za kujazia na matangazo ya haraka. Naitumia mwenyewe kutafuta mielekeo mwanzoni. Lakini haimjui mteja wako, haikukaa naye kumsikia akihofia jina lake, na haitawajibika kisu kikila tarakimu. Kuna jambo la sheria pia: Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani haisajili kazi isiyo na ubunifu wa binadamu, hivyo nembo iliyotolewa na mashine peke yake inaweza kumwacha mteja bila kinga. Ukiitumia, mwambie.

Itachukua muda gani kabla sijalipwa vizuri?

Kwa niliowaona, wanaofanya mazoezi kila siku hupata kazi ndogo za malipo ndani ya mwaka wa kwanza, na kuishi kwa kazi hii huchukua miaka miwili hadi minne. Wazazi wakiwa na wasiwasi, wana haki. Waonyeshe ankara zilizolipwa badala ya kubishana.

Nifanye nini kesho asubuhi?

Tafuta karatasi yoyote iliyochapwa iliyo karibu nawe: pakiti, risiti, kijikaratasi cha dawa. Pima kwa rula kila kitu: ukingo, urefu wa herufi, nafasi kati ya mistari. Kisha uijenge upya, milimita kwa milimita, kwa penseli au kwenye programu. Unapofika mahali ambapo yako inaonekana mbaya kuliko ya asili, simama hapo mpaka ujue kwa nini.